Timu moja ilifaulu, timu kumi na nne zikakwama: niliyojifunza tulipoeneza ajaili katika benki kubwa

Wanaotaka kueneza mbinu za ajaili, yaani kujenga programu kwa hatua fupi na kuirekebisha kadiri mteja anavyoitumia, katika taasisi kubwa huanza kwa kuuliza wachague mfumo gani, na mimi nilipokabidhiwa kazi hiyo katika benki niliyokuwa nikiitumikia Dar es Salaam nilianza na swali hilohilo. Baada ya miaka kadhaa ya kazi hiyo ninaamini kwamba kuna swali linalotangulia: ni kazi ngapi katika taasisi yako ambazo timu moja inaweza kuzianza na kuzimaliza bila kuisubiri timu nyingine? Jibu lake ndilo linaloamua kama utaeneza wepesi wa kufanya kazi au utaeneza vikao tu. Ninawaandikia wenzangu walio katika idara za TEHAMA za benki, kampuni za simu, mifuko ya hifadhi ya jamii na taasisi za Serikali, ambao huenda wameshaambiwa na wakubwa wao kwamba mwaka ujao wa fedha idara nzima itafanya kazi kwa namna mpya.

Mwanzo wetu ulikuwa mzuri. Timu ya watu tisa ilipewa programu ya simu ya benki, ikawekwa katika chumba kimoja pamoja na afisa kutoka kitengo cha wateja binafsi, ikaanza kufuata Scrum, mojawapo ya mbinu za ajaili, kwa mizunguko ya wiki mbili, yaani vipindi vifupi ambavyo kila kimoja huishia na kazi ya kuonyesha. Mwongozo wa Scrum, uliotungwa na Ken Schwaber na Jeff Sutherland, unapendekeza timu isiyozidi watu kumi, mzunguko usiozidi mwezi mmoja, orodha moja ya kazi na mtu mmoja, aitwaye mwenye bidhaa, mwenye kauli ya mwisho kuhusu kipi kitangulie. Tuliyatimiza yote hayo. Mteja alipolalamika kwamba taarifa fupi ya akaunti haisomeki kwenye simu ndogo, marekebisho yalimfikia kabla ya mwezi kwisha, jambo ambalo hapo awali lilihitaji barua tatu na kikao cha kamati. Uongozi ulifurahi, nasi tulifurahi, na kila aliyetutembelea alielezwa kwamba siri ni kikao kifupi cha asubuhi, ubao wenye karatasi za rangi, na onyesho la kazi kila baada ya wiki mbili.

Siri kubwa zaidi haikutajwa na mtu yeyote wakati ule. Kazi za timu ile zilikuwa za juu juu: mpangilio wa skrini, kuingia kwa alama ya kidole, lugha ya ujumbe. Ni mara chache sana zilizogusa mfumo mkuu wa benki, ule unaotunza akaunti na kuhamisha fedha. Timu ilikwenda haraka kwa sababu haikuwa na wa kumsubiri, na sababu hiyo haikuweza kuhamishwa kwa kunakili ubao na vikao.

Uamuzi uliofuata ulikuwa wa kuipeleka idara nzima, yaani timu 14 zenye watu zaidi ya 150, katika utaratibu huohuo. Ilani ya Ajaili, iliyoandikwa na watu 17 waliokutana Snowbird, jimbo la Utah, Februari 2001, inazungumza kana kwamba timu na mteja wanakaa meza moja, na haisemi mengi kuhusu timu kumi zinazogusa mfumo mmoja. Pengo hilo ndilo lililozaa mifumo ya kukuza, yaani ya kutumia ajaili katika timu nyingi kwa pamoja. SAFe, iliyoanzishwa na Dean Leffingwell mwaka 2011, hukusanya watu 50 hadi 125 katika kundi moja linalopanga pamoja kazi ya wiki nane hadi kumi na mbili. LeSS, ya Craig Larman na Bas Vodde, huenda upande wa pili: timu mbili hadi nane, orodha moja ya kazi, mwenye bidhaa mmoja na mzunguko mmoja kwa wote. Kulikuwa pia na waraka wa Oktoba 2012 wa Henrik Kniberg na Anders Ivarsson kuhusu namna Spotify, kampuni ya muziki wa mtandaoni, ilivyojipanga, ambao uliwavutia viongozi wetu kuliko kitu kingine chochote, ingawa waandishi wenyewe walitahadharisha kwamba walikuwa wakieleza hali ya wakati ule tu ya safari isiyokwisha. Mifumo hii ina watu makini nyuma yake, na sina ugomvi na wowote kati yao. Hata hivyo, SAFe ilichaguliwa kwetu hasa kwa sababu ndiyo iliyoruhusu muundo wa vyeo kubaki kama ulivyokuwa, na sababu ya namna hiyo ni vyema isemwe wazi mezani kabla fedha hazijaanza kutoka.

Fedha zilitoka nyingi. Kulikuwa na washauri wa nje waliolipwa kwa siku, mafunzo na vyeti, leseni za programu ya kufuatilia kazi, na ukumbi wa hoteli kila robo mwaka. Gharama ambayo haikuandikwa popote ndiyo iliyokuwa kubwa zaidi: watu 150 wakikaa kikao cha kupanga kwa siku mbili, taasisi imetumia siku-kazi 300, na hilo hurudi mara nne kwa mwaka. Anayeandaa bajeti ya mabadiliko haya aiweke hesabu hiyo katika ukurasa wa kwanza, kwa kuwa ndiyo itakayomfanya aulize kikao kinaondoa tatizo gani.

Kazi moja ilitufundisha kuliko mafunzo yote. Serikali hukusanya malipo yake kupitia mfumo wa kielektroniki wa GePG, na mlipaji hupewa namba ya kumbukumbu kabla ya kulipa kodi, ada au leseni. Matawi yetu yalikuwa yakipokea malipo hayo dirishani, ila wateja walitaka kulipa kwenye simu na kupata risiti papo hapo, wasipoteze asubuhi nzima kwenye foleni. Kwa mtu wa nje, kazi hiyo ni skrini moja. Ndani ya benki ilihitaji timu ya programu ya simu kuandaa skrini, timu ya tabaka la kati kupitisha ombi kati ya mifumo, timu ya mfumo mkuu kuhamisha fedha, timu ya usalama kuidhinisha, na timu ya usuluhisho wa hesabu kuhakikisha kwamba kilichotoka kwenye akaunti ya mteja ndicho kilichopokelewa Serikalini.

Timu ya simu ilimaliza sehemu yake katika mzunguko mmoja, ikaonyesha kazi, ikapigiwa makofi. Timu ya tabaka la kati ilikuwa na orodha yake na mwenye bidhaa wake, ambaye kwa haki kabisa alikuwa ametanguliza mikopo. Ilipofika zamu ya kazi yetu, timu ya mfumo mkuu ilikuwa imefungiwa na mabadiliko yaliyokuwa yakisubiri kampuni ya nje iliyotuuzia mfumo. Walipopata nafasi, mazingira ya majaribio yalikuwa yameshikwa na timu nyingine, kwa kuwa tulikuwa na seti moja tu ya seva za majaribio kwa idara nzima. Halafu mwisho wa mwezi ukafika, mishahara inaingia, na hakuna kinachoruhusiwa kubadilishwa. Mteja wa kwanza alilipa kwa simu baada ya takriban miezi minane. Tulipojumlisha muda ambao mikono ya watu ilikuwa juu ya kazi ile, haukufika wiki tano, na muda wote uliobaki ulikuwa wa kusubiri.

Kilichoniuma ni kwamba katika miezi hiyo yote taarifa za kila timu zilikuwa nzuri. Kila timu ilikuwa inamaliza ilichoahidi. Mama mmoja wa kitengo cha usuluhisho, ambaye amekuwapo benki tangu enzi za madaftari, alisimama mwishoni mwa onyesho moja akasema, "Wanangu, ninyi mnamaliza kazi kila wiki mbili, lakini mbona faili langu la malalamiko halipungui?" Ukumbi ulinyamaza, nami nilirudi nyumbani nikiwa na aibu na hasira kwa pamoja, kwa sababu alikuwa ameuliza swali ambalo ripoti zetu zilikuwa zimepangwa kwa namna ya kutolijibu.

Hesabu ya foleni inaeleza tuliyoyaona. Katika modeli rahisi kabisa ya foleni, mtoa huduma anayeshughulika kwa asilimia 80 ya muda wake humfanya anayesubiri akae foleni wastani wa mara nne ya muda wa huduma yenyewe, na akijazwa hadi asilimia 95, kusubiri huko hufika mara 19. Timu zetu zilijazwa kazi hadi mwisho, kwa kuwa wakuu waliona nafasi iliyo wazi kuwa ni uvivu, na kila kazi kubwa ilipaswa kupita katika foleni nne au tano za namna hiyo, moja baada ya nyingine. Kuongeza kasi ya timu moja hakukuweza kusaidia kitu. Tulianza kupata nafuu pale tulipokubaliana kwamba hakuna timu itakayoanza mzunguko ikiwa imejazwa zaidi ya robo tatu, na kwamba nafasi iliyobaki ni ya maombi ya timu jirani. Pendekezo hilo lilipingwa kuliko yote niliyowahi kupeleka mbele ya uongozi, nalo ndilo lililoleta matokeo kwa gharama ndogo kuliko yote.

Kuhusu kikao kikubwa cha robo mwaka, nitasema haki yake. Siku ya kwanza tulipofunga nyuzi nyekundu ukutani kuunganisha kazi zinazotegemeana, wakurugenzi waliona kwa macho yao kitu ambacho tulikuwa tumekieleza kwa maneno bila mafanikio. Watu waliokuwa wakiandikiana barua pepe kwa miaka walikutana ana kwa ana. Lakini robo iliyofuata nyuzi zilikuwa zilezile, na iliyofuata pia. Tulikuwa tumejifunza kuratibu utegemezi kwa ustadi mkubwa, tukasahau kwamba lengo ni kuuondoa. Ushauri wangu kwa anayefuata njia hii ni kuhesabu nyuzi hizo kila robo, na kuifanya idadi yake kuwa kipimo kinachosomwa mbele ya menejimenti pamoja na vingine. Ikiwa haishuki, ukumbi wa hoteli unanunua utulivu wa siku mbili tu.

Chanzo cha nyuzi kilikuwa katika majina ya timu. Mtaalamu wa kompyuta Melvin Conway aliandika mwaka 1968 kwamba taasisi inayosanifu mfumo itatoa usanifu unaoiga muundo wa mawasiliano ya taasisi hiyo, na sisi tulikuwa na timu zilizoitwa kwa majina ya mifumo: timu ya simu, timu ya tabaka la kati, timu ya mfumo mkuu. Mteja hanunui tabaka la kati. Tulianza kuzichora upya timu kwa kufuata mahitaji ya wateja, yaani malipo, mikopo, ufunguaji wa akaunti, na huduma za mawakala, na kila timu ikapewa watu wanaoijua njia nzima kutoka skrini hadi kwenye kanzidata ya mfumo mkuu. Hatukuanza na zote. Tulianza na malipo peke yake, na nashukuru kwa uamuzi huo, maana tuligundua mapema kwamba wanaoujua mfumo mkuu kwa undani walikuwa wanne tu katika benki nzima, na huwezi kuwagawa watu wanne kwa timu nane.

Wale wanne hawakugawanywa. Kwa miezi ya mwanzo walikaa kama walimu: msanidi wa timu ya malipo anaandika mabadiliko, mmoja wa wanne anakaa pembeni yake, anayapitia, anaeleza, na ndiye anayeyaidhinisha. Kasi ilishuka, na ilikuwa lazima niwaambie wakubwa mapema kwamba itashuka, kwa sababu mkurugenzi anayeshtukizwa na takwimu mbaya huamuru watu warudi walikotoka. Jambo jingine lililoamua mafanikio lilikuwa majaribio ya kiotomatiki. Mtu mgeni akiruhusiwa kugusa msimbo unaohamisha fedha za watu bila majaribio yanayoendeshwa yenyewe kila anapobadilisha mstari, hofu yake ni halali na hofu ya wenye mfumo ni halali zaidi. Taasisi isiyo na majaribio hayo iyajenge kwanza, hata kama itachukua nusu mwaka, ndipo izungumze kuhusu kuvunja timu na kuziunda upya. Timu za usalama na miundombinu zilibaki zilivyo, ila kazi yao ilibadilika: badala ya kupokea maombi moja moja, ziliandaa mazingira ya majaribio ambayo timu yoyote inaweza kujifungulia yenyewe asubuhi na kuyafunga jioni, na foleni ya seva ikaisha.

Sehemu ngumu kuliko zote ilihusu watu wenye vyeo vya kati, na hapa ndipo ninapowasihi wasomaji wasiharakishe. Makao makuu ya benki ya ING nchini Uholanzi yalipojipanga upya mwaka 2015, yakiwa na watu 3,500 katika timu ndogo, walizoziita vikosi, takriban 350, wafanyakazi walitakiwa kuomba upya nafasi katika muundo mpya. Washauri wetu walitueleza mfano huo kama ushahidi wa ujasiri. Waliokuwa wakisikiliza katika ukumbi ule walikuwa wakuu wa vitengo wenye mikopo ya nyumba, watoto wanaosoma, na wazazi wanaowategemea, nao walisikia jambo moja tu. Kuanzia siku hiyo kila pendekezo letu lilicheleweshwa kwa adabu. Mkuu wa kitengo mmoja, mtu aliyenilea kikazi, aliniita ofisini kwake akaniambia, "Bwana mdogo, nikiulizwa nyumbani kwamba sasa mimi ni nani kule ofisini, nijibu nini?" Sikuwa na jibu siku ile, na hakuna mfumo wowote kati ya tuliyoisoma uliokuwa umeniandalia.

Jibu tulilipata baadaye, nalo lilipaswa kuwa kwenye karatasi kabla ya tangazo la kwanza. Wasanidi wanapotawanywa katika timu za malipo na mikopo, bado wanahitaji mtu wa kuwaajiri, kuwafunza, kulinda viwango vya kazi yao na kuwapigania wapandishwe daraja. Kazi hiyo ni ya kweli na ilimfaa kabisa mkuu yule, ambaye leo ndiye anayetafutwa kwanza pale timu mbili zinapohitaji mtaalamu mmoja. Alichopoteza ni mamlaka ya kupanga nani afanye nini Jumatatu. Idara ya rasilimali watu ilipaswa kuandika upya maelezo ya kazi yake, daraja lake la mshahara na namna ya kumpima, na wao ndio tuliowaita mwishoni badala ya kuwaita mwanzoni. Vilevile marupurupu ya mwisho wa mwaka yalikuwa yakihesabiwa kwa malengo ya mtu mmoja mmoja, na haiwezekani kumwomba msanidi aache kazi yake amsaidie jirani wakati fomu yake ya tathmini inamwadhibu kwa kufanya hivyo.

Alama za makadirio nazo zilituletea madhara kwa muda. Kila timu hukadiria ukubwa wa kazi kwa kipimo chake yenyewe, lakini mtu fulani juu alitengeneza jedwali la kuzipanga timu kwa alama, na ndani ya mizunguko michache kazi ileile ikawa inapewa alama mara mbili. Tuliliondoa jedwali, tukaweka kipimo kimoja: siku zilizopita kati ya mteja kuomba na mteja kutumia.

Wakaguzi wa ndani waligeuka kuwa marafiki wetu, kinyume na nilivyoogopeshwa. Kanuni ya kutenganisha majukumu inataka anayeandika msimbo asiwe ndiye anayeupeleka mwenyewe mahali unapotumiwa na wateja, na wengi walidhani kanuni hiyo inailazimu benki kuwa na kamati ya mabadiliko na toleo moja la usiku wa Jumamosi kila mwezi. Tulipokaa na wakaguzi, walieleza kwamba wanachohitaji ni ushahidi kuwa mtu wa pili amepitia, majaribio yamefaulu, na kumbukumbu haiwezi kufutwa. Mfumo wa kupeleka matoleo uliwapa hayo yote kwa usahihi kuliko saini za kamati, na timu ya malipo ikaanza kutoa matoleo kila wiki. Zuio la siku za mishahara tuliliacha libaki, kwa kuwa lina maana: siku ambayo walimu na manesi wa nchi nzima wanatoa fedha zao si siku ya kujaribu jambo jipya.

Upande wa bajeti tulifika nusu. Idara ya fedha ilikubali timu ya malipo igharimiwe kwa mwaka mzima kama timu, na kazi zake zipitiwe kila robo, badala ya kila mradi kuombewa fedha zake na kuvunja timu ukiisha. Nyingine zilibaki katika utaratibu wa zamani, na tofauti ilionekana kila Oktoba, wakati wakuu wa miradi walipoanza kugombea watu walewale kwa ajili ya mwaka unaofuata.

Kwa anayeanza sasa, kuna kazi ya wiki moja isiyohitaji mshauri wala leseni. Achukue kazi tano za mwisho zilizowafikia wateja, aandike kwa kila moja tarehe ilipoombwa na tarehe ilipoanza kutumika, kisha kwa kalamu ya rangi apake siku zote ambazo kazi ilikuwa imelala kwenye foleni ya mtu. Apeleke karatasi hizo kwa mkurugenzi kabla hazijaletwa slaidi za mfumo wowote, na timu ya kwanza ya kubadilishwa ichaguliwe kutokana nazo, hata kama si ile ambayo kila mtu anaipenda.

Kikwazo kilichobaki kwetu hadi nilipoondoka ni mkataba na kampuni iliyotuuzia mfumo mkuu. Mabadiliko yoyote ndani ya mfumo huo huombwa kwa fomu, hukadiriwa ng'ambo, hulipiwa, na husubiriwa kwa miezi, na timu hata iwe nyepesi kiasi gani haiwezi kuupita mlango huo. Tulichofanya ni kuhamishia kwenye tabaka la kati kila kanuni ya biashara iliyowezekana, ili mfumo mkuu ubaki na kazi ya kutunza salio na kuhamisha fedha tu. Taasisi inayokaribia kusaini au kuhuisha mkataba wa namna hiyo idai kipengele kinachowapa wataalamu wake haki ya kuandika violesura (njia za kuunganisha mifumo) vyao wenyewe, pamoja na mazingira ya majaribio yasiyolipiwa kwa kila seti, na idai hayo kabla ya saini, kwa sababu baada ya saini vitu hivyohivyo huuzwa kimoja kimoja.